MWALIMU AKIHAMA, MIAKA YAKE YA KAZI IHAME NAYE



Kutoka Magunga kwenda Karungu si safari ya kumfanya mtu aage majirani. Mwenye bodaboda humpeleka abiria wake asubuhi, naye hurudi kwake mchana. Ziwa ni moja, samaki ni wale wale, na wazee wetu wanakumbuka kwamba sehemu zote hizi zilikuwa wilaya moja ya Nyanza Kusini. Leo Magunga imo katika kaunti ya Homa Bay, na Karungu imo katika kaunti ya Migori. Kwa mchuuzi wa omena mpaka huo ni risiti moja zaidi ya ushuru (naye hunung'unika, na ana haki ya kunung'unika). Kwa fundi wa kujenga nyumba si kitu. Lakini kwa mwalimu wa chekechea mpaka huo ni ukuta, na katika toleo hili twataka kusema habari ya ukuta huo.

Tuseme yuko mwalimu wa chekechea aliyefundisha upande wa Gwassi kwa miaka minane. Hatumpi jina, kwa sababu wako wengi wa namna yake. Ameolewa Karungu, au mama yake ni mgonjwa na yuko Karungu, au amechoka tu kukaa mbali na watoto wake. Anataka kufundisha huko. Watoto wa Karungu wanahitaji mwalimu kama watoto wa Magunga. Cheti chake ni kizuri. Je, afanye nini?

Jibu ni kwamba aache kazi, kisha aombe kazi.

Tuwaeleze wale wasiojua jinsi jambo hili lilivyo. Katiba ya mwaka 2010, katika Jedwali lake la Nne, iliipa serikali ya kaunti kazi ya elimu ya watoto wadogo kabla ya darasa la kwanza, pamoja na vyuo vya ufundi vya vijijini. Kaunti zilipoanza kazi mwaka 2013, mwalimu wa chekechea akawa mtumishi wa kaunti. Hapo kwanza, walimu wengi wa chekechea walilipwa na wazazi, kidogo kidogo, mwezi huu kuna fedha na mwezi ujao hakuna. Kwa hiyo hatusemi kwamba mabadiliko yale yalikuwa mabaya. Wengi walipata mshahara wa kweli kwa mara ya kwanza, na wasichana kwa wavulana waliosoma kozi hiyo wakapata kuitwa walimu bila kuchekwa. Jambo hilo twalishukuru.

Lakini kila kaunti ina Bodi yake ya Utumishi wa Umma. Bodi hiyo hutangaza nafasi zake, hufanya usaili wake, na huandika watu kwa masharti yake. Kuna kaunti zilizowaajiri walimu wa chekechea kwa kudumu, na kuna zilizowaweka kwa mkataba wa miaka michache unaorudiwa tena na tena. Mishahara hailingani. Daraja hazilingani. Kaunti mbili zikipenda zinaweza kukubaliana kupokezana mtumishi. Zisipopenda, mwalimu hana mahali pa kushitaki, kwa sababu hakuna aliyemnyima kitu alichoahidiwa. Miaka minane aliyoifanya Homa Bay, Migori haina kitabu cha kuiandika. Ataingia huko kama msichana aliyetoka chuoni juzi, naye ana mvi.

Twafahamu kuwa wauguzi na madaktari wamelia kilio hicho hicho tangu mwaka 2013, nao wakataka wawe na tume yao ya kitaifa. Kwa hiyo mwenzetu wa hospitali asiipite kurasa hii akidhani ni ya walimu tu.

Sasa tazameni ajabu hii. Sheria ya mwaka 2012 ya Tume ya Kuajiri Walimu, TSC, yataka kila anayefundisha awe ameandikishwa na Tume hiyo. Mwalimu wa chekechea huandikishwa huko, akapewa namba. Namba hiyo haijui kaunti. Inafaa Mombasa kama inavyofaa Mandera. Basi cheti chavuka mpaka, na namba yavuka mpaka, lakini mshahara na miaka ya kazi vyabaki ng'ambo vikimpungia mkono.

Walimu wazee watatuambia kwamba tumekwisha yaona mambo haya. Kweli tumeyaona. Kabla ya mwaka 1967 mwalimu wa Kenya hakuwa na mwajiri mmoja. Huyu aliandikwa na misheni, yule na halmashauri ya wilaya, mwingine na bodi ya shule. Masharti yalikuwa mengi kama waajiri walivyokuwa wengi. Mwalimu aliyehama kutoka kwa mwajiri mmoja kwenda kwa mwingine hakujua atakuta nini. Chama cha Kitaifa cha Walimu, KNUT, kilipoundwa mwezi wa Desemba 1957, haja yake mojawapo kubwa ilikuwa hiyo: mwalimu awe na mwajiri mmoja na masharti ya namna moja, popote atakapofundisha. Walimu waligoma mara kadhaa katika miaka ile ya 1960 kabla ya kusikizwa. TSC ilianzishwa mwaka 1967. Hata baada ya hapo halmashauri za wilaya ndizo zilizobaki na mzigo wa shule za msingi, na nyingi zilishindwa kuwalipa walimu kwa wakati, mpaka serikali kuu ikazinyang'anya kazi hiyo kuanzia mwaka 1970.

Ndugu zetu, jambo lile halikuja kwa hisani. Lililetwa na watu waliokatwa mshahara, na wengine wakatishwa kufukuzwa. Walilolipata ni hili: mwalimu wa shule ya msingi akitoka Magunga kwenda Karungu, au Kwale, au Lodwar, daraja lake laenda naye, na miaka yake yaenda naye. Hapotezi mwaka hata mmoja. Ni kitu kikubwa kuliko tunavyofikiri, kwa sababu tumekizoea.

Anayetaka kujua ukubwa wake na aangalie Marekani. Nchi ile tajiri ina majimbo 50, na kila jimbo lina leseni yake ya ualimu. Mwalimu wa Texas akihamia Ohio hana budi kuomba ruhusa ya kufundisha upya, na huenda akaambiwa afanye mtihani mwingine. Akiisha kupata ruhusa, wilaya ya shule itakayomwajiri ndiyo huamua itamhesabia miaka mingapi ya kazi aliyoifanya kwingine, na wilaya nyingi huweka kikomo. Mwenye miaka 15 aweza kulipwa kama mwenye miaka mitano au kumi. Pensheni nayo huwa ya jimbo. Mwaka 2023 majimbo kumi ya kwanza yaliungana katika mkataba wa kutambua leseni kati yao, na mengine yamefuata, lakini mkataba ule ni wa leseni. Habari ya mshahara haukuigusa. Sasa fikirini: mwalimu wetu wa msingi, mwenye nyumba ya kupanga na deni la sacco, amemshinda mwalimu wa Marekani katika jambo hili moja. Na mwalimu wetu wa chekechea tumemrudisha nyuma ya wote wawili.

Lakini tusimpambe sana mwajiri huyu mmoja. TSC ina mkono mrefu, na mkono mrefu hupiga pia.

Kuanzia mwaka 2018 Tume ilianza kwa nguvu sera ya kuwatoa walimu katika kaunti zao za kuzaliwa, ile ambayo walimu wenyewe waliiita dilokalaizesheni. Ilianza na walimu wakuu, ikashuka kwa wengine. Neno lilikuwa kwamba mwalimu akikaa kwao sana hulegea, na kwamba taifa lataka umoja. Mambo hayo mawili yana ukweli ndani yake. Lakini barua zilitoka, na watu wakaambiwa waripoti mahali wasipopajua kwa siku chache, mume huku, mke kule, mtoto wa darasa la nane abaki na nani, haikuulizwa. Walimu wengine walikuwa wamebakisha miaka michache wastaafu. Chama kilipinga, kikaenda mahakamani, kikatangaza mgomo wa Januari 2019 ambao mahakama iliuzuia. Katika ugomvi ule wa mwaka 2019 wanachama wengi mno waliihama KNUT, na chama kilichokuwa na nguvu kuliko vyote nchini kikabaki kikihesabu senti.

Katika uchaguzi wa mwaka 2022 walioshinda waliahidi kuwa mwalimu anayeanza kazi ataajiriwa karibu na kwao, na wale wa vyeo vya juu ndio watakaozunguka nchi. Mwaka 2023 walimu wengi waliomba kurudi makwao, na wengi walirudishwa. Palikuwa na furaha, na furaha ile tuliielewa.

Hapa tutasema jambo ambalo baadhi ya wanachama hawatalipenda. Neno hili la "kila mwalimu kwao" halitufai. Linapendeza masikioni siku ya kwanza, kisha tulipige hesabu. Sehemu zilizosomesha watoto wengi zamani zina walimu wa kumwaga. Sehemu zisizosomesha hazina. Nyanza imetoa walimu wengi kuliko nafasi zilizoko Nyanza. Kijana wa Gwassi aliyemaliza chuo na kukaa miaka saba nyumbani akiuza mitumba, akiambiwa "ngoja nafasi ya kwenu", ataingoja mpaka aote ndevu nyeupe. Nafasi yake iko Tana River au Turkana. Na huko hataandikwa iwapo watu wa huko nao wamefundishwa kusema kila mtu kwao.

Na twajua mahali neno hilo hufikia likisukumwa na hofu. Tarehe 22 Novemba 2014 basi lililotoka Mandera lilisimamishwa na al-Shabaab, watu 28 wakauawa, na wengi wao walikuwa walimu waliokuwa wakienda likizo. Januari 2020 walimu watatu waliuawa Kamuthe, kaunti ya Garissa. Tume ikawaondoa maelfu ya walimu waliotoka sehemu nyingine, na shule nyingi za Garissa, Wajir na Mandera zikabaki na watoto bila mwalimu. Hakuna chama kitakachomwambia mwanachama arudi kwenye risasi. Usalama kwanza. Lakini waliopata hasara pande zote mbili walikuwa watu wa chini: mwalimu aliyeacha vitu vyake chumbani, na mtoto wa mfugaji aliyekaa chini ya mti akingoja.

Kwa hiyo hatusemi mwalimu asihamishwe, wala hatusemi abaki kwao. Twasema kwamba kuhama kuna gharama, na gharama hiyo ailipe yule mwenye kuagiza.

Tutazame gharama yenyewe. Marupurupu ya nyumba ya mwalimu hufuata mahali: Nairobi juu kabisa, kisha miji mikubwa, kisha sisi wengine. Mwalimu anayetolewa Kisumu kuja Magunga hupunguziwa fedha za nyumba siku anapofika. Ataambiwa kwamba Suba imo katika orodha ya sehemu za mazingira magumu, na kwamba atapata marupurupu ya mazingira magumu kufidia. Vema. Lakini siku atakapohamishwa tena kwenda mahali pasipokuwa katika orodha hiyo, fedha zile zakatwa mara moja, wala hazimwulizi kama alikwisha kopa kwa kuzitegemea. Mkopo wa sacco haupungui kwa sababu mtu amehama. Ndipo utaona payslipu ya mwalimu mtu mzima iliyobaki na vijisenti, ingawa sheria ya kazi yakataza makato kupita theluthi mbili ya mshahara.

Na orodha yenyewe haina mizizi. Mwaka 2025 serikali ilitaka kuipanga upya, ikasema sehemu fulani si ngumu tena. Vyama vilikataa. Twauliza wale walioketi Nairobi wakipanga: je, waliivuka Mfangano kwa mashua siku ya dhoruba? Barabara ikiwekwa lami huwa nafuu, hatukatai. Lakini lami peke yake haileti maji shuleni wala nyumba ya mwalimu.

Tena kuna wanagenzi. Tangu mwaka 2019 Tume imewachukua walimu waliohitimu kabisa, ikawaita wanagenzi, ikafikia kuwapa shilingi 15,000 kwa mwezi katika shule za msingi na 20,000 katika sekondari, kabla ya makato. Marupurupu ya nyumba hakuna. Ya mazingira magumu hakuna. Mwenzetu wa namna hii akipangiwa shule ya mbali, alipe chumba, anunue maji, alipe nauli ya kwenda kwao kuzika, na ale. Afanye hivyo mbele ya darasa la watoto 60, na mwalimu aliye darasa la pili, mwenye cheti kile kile, alipwe zaidi ya mara mbili. Tarehe 17 Aprili 2024 Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi ilisema kuwa mtindo huo ni kinyume cha Katiba, kwa kuwa Tume haina mamlaka ya kuajiri wanagenzi badala ya walimu. Mwezi uliofuata wanagenzi wa sekondari ya chini waliingia barabarani. Mwanzoni mwa mwaka 2025 wapatao 46,000 waliingizwa katika kazi ya kudumu. Huo ulikuwa ushindi, nao waliupata kwa miguu yao wenyewe. Lakini wakati ule ule Tume ilichukua wanagenzi wengine 20,000. Na mwaka au miaka miwili ambayo mtu alifundisha kama mwanagenzi, imeandikwa wapi katika hesabu ya pensheni yake? Ni habari ile ile ya mwalimu wa chekechea. Mtu amefanya kazi, kazi imeonekana, mtoto amejua kusoma, lakini daftari ni jeupe.

Ndugu zetu wa Tanzania, tunaopakana nao hapo Isebania, wana maneno yao kwa jambo hili: madai ya uhamisho. Kwao sheria ya utumishi husema anayehamishwa na mwajiri alipwe gharama zake. Walimu walihamishwa, fedha zikachelewa, madeni yakarundikana mwaka baada ya mwaka. Chama cha Walimu Tanzania kilipogoma mwezi wa Julai 2012 kikidai nyongeza ya mshahara ya asilimia 100, kilidai pia asilimia 30 kwa wanaofundisha katika mazingira magumu. Mahakama iliusimamisha mgomo ule. Twawataja ili tujue kwamba haki kuandikwa kitabuni si mwisho wa maneno. Twataka fedha mkononi kabla ya godoro kupanda gari.

Na mwanachama akitaka kuvuka Isebania mwenyewe kwenda kufundisha huko, au Uganda, au Sudan Kusini? Mkataba wa Soko la Pamoja la Afrika Mashariki ulianza kutumika tarehe 1 Julai 2010, nao umefungua mlango wa watu kutafuta kazi katika nchi wanachama. Lakini mwalimu aingiaye kwa mwajiri mpya huko huanza naye upya. Jambo moja limekuwa afadhali. Tangu tarehe 1 Januari 2021 walimu walio chini ya miaka 45 huchangia mfuko mpya wa pensheni wa watumishi wa umma: asilimia 2 ya mshahara mwaka wa kwanza, 5 mwaka wa pili, kisha 7.5, na serikali huongeza asilimia 15. Wengi walilia walipokatwa, na sisi tuliandika tukilia nao. Lakini fedha hizo zina jina la mtu. Pensheni ya zamani ilimtaka mtu avumilie miaka mingi ndipo aone kitu. Aliyeondoka mapema aliondoka mikono mitupu.

Turudi Magunga. Twadai nini kwa mwalimu wa chekechea?

Twadai kwamba kaunti hizi mbili, Homa Bay na Migori, zikae mezani ziandikiane. Zimo pamoja katika jumuiya ya kiuchumi ya kaunti za ziwa, na wakubwa wao hukutana kuzungumza habari za benki na biashara na samaki. Katika mkutano mmoja watenge nusu saa kwa mwalimu wa chekechea. Waandike hivi: mwalimu aliyefanya kazi katika kaunti moja, akiomba nafasi iliyo wazi katika nyingine, miaka yake itahesabiwa yote, na daraja lake halitashuka. Hilo halihitaji Bunge wala kubadili Katiba.

Tutaambiwa kwamba fedha hazipo. Neno hilo tumelizoea. Lakini angalieni: nafasi anayoingia mwalimu huyu ni nafasi iliyokwisha kuwa katika bajeti. Angeingia msichana wa chuo angelipwa. Tofauti ni zile hatua chache za mshahara zinazolipia miaka yake minane, na kwa hizo kaunti yapata mwalimu asiyehitaji kufundishwa jinsi ya kumtuliza mtoto anayelia. Katika soko gani mtu hulaumu bei hiyo?

Tutaambiwa tena kwamba wenyeji watakasirika, kazi zao zikichukuliwa na watu wa kaunti nyingine. Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012 imekwisha jibu. Yasema kwamba angalau asilimia 30 ya nafasi za kuanzia kazi zipewe watu wasio wa kabila lililo kubwa katika kaunti ile. Sheria yenyewe yataka mlango uwe wazi. Twauliza ni kaunti ngapi zimeutazama mstari huo tangu ulipoandikwa. Na wazazi wa Magunga twawaambia kwa upole: mwalimu aliyetoka mbali si mgeni wa kupandishiwa kodi ya chumba. Wako wenye nyumba hapa ambao, wakisikia mwalimu ana lafudhi ya Meru, huongeza mia tano papo hapo. Hao nao ni wanachama wa vyama, na Jumamosi huja kwenye mkutano kulalamikia unyonyaji.

Sasa maneno machache ya kazi, kwa wanachama wanaohama au wanaohamishwa.

Usikubali kuandika barua ya kuomba uhamisho ambao hukuuomba. Wako wakubwa ambao humwambia mwalimu kwa upole, "Andika tu wewe, mambo yataenda upesi." Mambo yataenda upesi kweli, kwa sababu anayeomba mwenyewe hana haki ya kulipwa gharama za kuhama. Barua ya mwajiri na iwe ya mwajiri.

Ukifika kituo kipya, hakikisha mkuu wa shule amepeleka habari ya kuripoti kwako siku ile ile. Walimu wamekaa miezi bila mshahara kwa sababu karatasi moja ililala mezani. Mwezi wa kwanza na wa pili soma payslipu yako mstari kwa mstari: nyumba, mazingira magumu, daraja. Kosa likigunduliwa mapema hurekebishwa. Likigunduliwa baada ya miaka mitatu utaambiwa umelipwa kupita kiasi, na utakatwa.

Mwalimu mpya akumbuke kwamba hutakiwa kukaa miaka mitano katika kituo chake cha kwanza kabla ya kuomba kuhama, na kwamba hata baada ya hapo hutakiwa pawe na nafasi huko aendako na mtu wa kushika nafasi aiachayo. Wengi humtafuta mwenzi wa kubadilishana naye. Ni halali, lakini pitieni ofisini. Wako madalali wanaochukua fedha za walimu kwa kuahidi uhamisho. Mtu akikuomba fedha kwa jambo hili, njoo umtaje kwa katibu wa tawi.

Na walimu wa chekechea, ombi letu kwenu ni moja. Yeyote aliyewahi kutoka kaunti moja kwenda nyingine, akaanzishwa chini, alete nakala ya barua yake ya kwanza ya kazi, nakala ya ile ya pili, na payslipu ya mwisho ya kule na ya kwanza ya huku. Majina tutayafunika. Karatasi hizo ndizo tutakazoziweka mbele ya bodi zote mbili, kwa maana tulipokwenda kwa maneno matupu tuliambiwa kuwa malalamiko kama hayo hayajawahi kufika. Katibu hupatikana Jumamosi baada ya saa nane, na asiyeweza kufika ampe mjumbe wa shule yake.

Mhariri